Twendeni Porini Bila Shoka

Masomo: Mwanzo 2:8-15, Marko 6:30-32



Katika nchi yetu hii ya uwanda wa kati, mtu akitamka neno "pori", mambo matatu huja moyoni upesi: kuni, mkaa na hatari. Mama hufikiri mzigo utakaomwinamisha njiani. Kijana hufikiri tanuri la mkaa na gunia la kuuza kando ya barabara. Mtoto hufikiri nyoka, fisi na hadithi za wachawi alizosimuliwa usiku. Ni wachache miongoni mwetu ambao wakisikia neno hilo husema, "Huko ni kuzuri, twende tukapumzike."

Basi leo twataka kusema nanyi habari ya jambo la nne, nalo ni furaha. Twawaalika Wakristo wa parishi zetu, wazee kwa vijana, waende porini siku moja bila shoka, bila panga, wala kamba ya kufungia mzigo. Waende kutembea tu chini ya miti ambayo Mungu mwenyewe aliiotesha, na kumshukuru kwayo.

Labda wengine watacheka. Watauliza, "Je, Kanisa limeishiwa na maneno? Watu wanahangaika na chakula na karo za watoto, nanyi mwatuletea habari za matembezi?" Ndugu zetu, tuvumilieni kidogo. Twaamini ya kuwa jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na ya kuwa nchi yetu haitapona bila hilo.

Neno la Mungu lasemaje?

Fungueni Mwanzo, sura ya 2, mstari wa 8 na wa 9. Mungu alifanya bustani, akaotesha ndani yake miti ya kila namna. Je, miti hiyo yasifiwa kwanza kwa jambo gani? Si kwa mbao zake, wala kuni zake. Hata matunda hayakutajwa kwanza. Twaambiwa kwanza ya kuwa ilikuwa mizuri kuitazama. Ndipo chakula kinapofuata. Macho ya mwanadamu yaliandaliwa karamu kabla ya tumbo lake.

Tena angalieni jinsi mambo yalivyopangwa. Kazi ya kuilima bustani ile na kuitunza haitajwi mpaka mstari wa 15. Kabla Adamu hajapewa kazi, Mungu alikwisha kumwekea kitu cha kufurahia. Hapo pana hekima kubwa. Mtu hulinda kwa moyo kile anachokipenda, naye hawezi kupenda mahali ambapo hajapata kukaa hata saa moja kwa furaha.

Mwingine atasema, "Lakini hata Hawa aliutazama mti akapendezwa nao, na hapo ndipo dhambi ilipoingia." Ni kweli, twasoma hivyo katika sura ya 3, mstari wa 6. Lakini dhambi haikuwa katika kutazama. Miti yote ya bustani ilikuwa ya kupendeza, na Mungu ndiye aliyeifanya hivyo. Dhambi ilikuwa katika kunyosha mkono na kutwaa kile ambacho hawakupewa. Tangu siku ile wanadamu tunao ugonjwa huo. Tukiona kitu kizuri hatuwezi kukiacha mahali pake. Lazima tukikate, tukibebe, tukiuze. Basi kwenda porini bila shoka ni zoezi dogo la toba. Ni kujifunza upya kutazama, kushukuru na kuacha.

Na Bwana wetu Yesu je? Marko atuambia ya kuwa mitume waliporudi kutoka katika kazi, watu wakawa wengi hata nafasi ya kula ikakosekana, Yesu aliwaita waende pamoja naye mahali pasipo watu wapate kupumzika. Kupumzika kule kulikuwa amri ya Bwana. Tena katika Yohana 18:2 twasoma jambo ambalo mara nyingi twalipita bila kulitazama. Yuda alipajua pale bustanini ng'ambo ya kijito cha Kidroni, kwa kuwa Yesu alikuwa na desturi ya kukutana na wanafunzi wake mahali hapo. Bwana wetu alikuwa na mahali pake chini ya mizeituni! Wala hakwenda peke yake. Alikwenda na wenzake, tena mara kwa mara, hata msaliti akajua pa kumtafuta. Je, sisi tunaomfuata, adui akitaka kutukuta mahali tunapopenda kumwomba Mungu, atatutafuta wapi?

Siku za miti na upendo wa miti

Hatusemi ya kuwa nchi yetu imeisahau miti. Ziko siku zilizowekwa. Tarehe 21 Machi ni Siku ya Misitu Duniani, na tarehe 1 Aprili ni siku ya taifa letu ya kupanda miti. Mwezi wa Desemba 2017 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, na shughuli hiyo ilifanyika Mzakwe, huko huko kwenye visima vinavyowanywesha watu wa mji. Mambo hayo ni mema, nasi twayashukuru.

Lakini mara nyingi siku hizo huendaje? Twakusanyika asubuhi. Mashimo yamekwisha kuchimbwa. Wageni hupanda miche, picha hupigwa, hotuba husomwa, soda hunywewa, na jua likiwa kali kila mtu hurudi kwake. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa kwa shangwe mwezi wa Aprili, mwezi wa Julai unauliza, "Yuko wapi yule aliyenipanda?" Kama hakuna aliyeupenda, utakufa, nasi mwaka ujao tutapanda mwingine katika shimo lile lile.

Kupanda ni kwema. Lakini twaona pengo moja. Twaitwa kupanda miti, hatuitwi kuifurahia. Tumezoea kuhesabu miche, lakini mti ambao hatukuupanda sisi, uliosimama tangu kabla ya babu zetu, twaupita kama jiwe. Na mti wa namna hiyo, hapa kwetu, ukikatwa leo, hakuna mche utakaochukua nafasi yake katika maisha ya wajukuu wetu.

Mafundisho ya Kongwa na Kondoa

Mungu ameiandikia nchi yetu mafundisho mawili ambayo yafaa kusomwa katika kila parishi.

La kwanza liko Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake iliamua kulima karanga kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta makubwa yaliletwa kufyeka pori. Wakubwa wa kazi ile walilitazama pori kama adui wa kushindwa vitani. Mwaka ule wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000. Wakapata kupanda eka 7,500 hivi. Mizizi ilivunja majembe ya matrekta, mibuyu ilikataa kung'oka, na udongo ulioachwa wazi ulikauka kwa jua ukawa mgumu kama saruji. Mvua nayo haikuja kwa kipimo cha kitabu chao. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa takriban pauni milioni 36.

Wazee wa Ugogo wangaliweza kuwaambia tangu mwanzo ni miti gani huota penye maji na ipi huota penye ukame, na kwa nini pori lile lilikuwa vile lilivyokuwa. Maana pori ni barua, na mwenye kuisoma hujua habari za udongo na mvua. Lakini aliyekuja na shoka mkononi hakuwa na nafasi ya kusoma. Torati katika Kumbukumbu 20:19 iliwakataza Waisraeli, hata wakiwa vitani wakiuzunguka mji wa adui, kuikata miti yake ya matunda, kwa kuwa mti si askari wa kupigana naye. Kongwa walipigana na miti, na miti ikashinda.

Fundisho la pili liko Kondoa. Huko vilima vya Irangi vililiwa na mmomonyoko mpaka makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wenu mwaukumbuka kwa jina la HADO. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliondolewa wote katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, maana mifugo ni akiba, ni mahari, ni heshima ya nyumba. Lakini nchi ilipumzika. Nyasi zikarudi, kisha vichaka, na baadaye miti ikachipua juu ya vilima vilivyokuwa vyekundu kama kidonda.

Twajifunza nini? Twajifunza ya kuwa Mungu ameiwekea ardhi nguvu ya kupona, na ya kuwa sheria yaweza kuuzuia mkono wa mharibifu. Lakini sheria haiwezi kufanya jambo moja: haiwezi kumfanya mtu apende. Mtu aliyezuiwa tu, akiutazama msitu huona mlango uliofungwa, naye hungoja siku mlinzi atakaposinzia. Paulo Mtume atufundisha jambo lile lile juu ya Torati. Sheria huonyesha dhambi na kuizuia, lakini moyo mpya huja kwa njia nyingine. Nchi yetu yahitaji sheria. Tena yahitaji watu wenye moyo mpya kwa habari ya miti.

Na ishara za moyo huo zipo. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limewafundisha wakulima wa mkoa wetu njia iitwayo Kisiki Hai. Njia hiyo haihitaji mche wala maji ya ndoo. Mkulima hutafuta katika shamba lake kisiki ambacho mizizi yake bado ina uhai. Huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, hufunga kitambaa ili watu wajue ya kuwa mti huu una mwenyewe, kisha huulinda na mifugo. Mizizi imekwisha kwenda chini zamani; ndiyo maana mti hukua upesi.

Mkristo awezaje kusikia habari hizo asiikumbuke Isaya 11, mstari wa 1, ambapo nabii aliona chipukizi likitoka katika kisiki cha Yese? Ukoo wa Daudi ulikuwa umekatwa, watu wakaona ni kuni tu za kuchoma. Lakini mizizi ilikuwa hai, na kutoka humo alikuja Mwokozi. Kila kisiki chenye kitambaa katika shamba la mtama ni mahubiri ya Majilio.

Maswali ya ndugu zetu

Twajua ya kuwa yako maswali, nayo ni ya haki. Tuyajibu matatu.

Swali la kwanza ni la akina mama. Mama anayekwenda porini kila juma kutafuta kuni, akitembea saa kadhaa na kurudi na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ukimwambia aende porini kustarehe ataona ni mzaha. Naye ana haki. Kwake pori ni mahali pa jasho, na pengine pa hofu. Kwa hiyo twasema wazi: mwaliko huu hauna maana kama akina baba hawatabeba mzigo. Siku ya matembezi mama asitwishwe kitu. Kuni za siku hiyo zitafutwe na wanaume siku moja kabla, chakula kipikwe na wanaume, na maji yachotwe na vijana wa kiume. Mama akae kivulini, aletewe chakula mkononi, aone pori kwa mara ya kwanza akiwa hana kamba. Kama parishi zetu zitashindwa kufanya hivyo siku moja katika mwaka, basi tusijidanganye ya kuwa tuna upendo wa kuwahubiri watu wengine.

Swali la pili ni la mchoma mkaa. Yupo Kanisani, anaimba kwaya, anatoa sadaka, na sadaka hiyo imetoka katika gunia la mkaa. Je, tumfukuze? La hasha! Hatuwezi kumhukumu mwenye shoka na kumwacha mwenye jiko. Watu wa Jiji la Dodoma walikuwa kama 411,000 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa zaidi ya 765,000. Nyumba zote hizo zapika. Mti uliokatwa huko kijijini uliitwa na sufuria ya mjini. Serikali imeweka mkakati wa kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati iliyo safi, na kila nyumba yenye uwezo wa kununua gesi au kutumia umeme yapaswa kuanza sasa bila kungoja kulazimishwa. Na mchoma mkaa naye asaidiwe kupata njia nyingine. Mti uliosimama nao hulipa. Nyuki hutengeneza asali ndani yake, ubuyu huokotwa na kuuzwa, ukwaju huliwa, mlenda wa porini hukaushwa na kuwekwa akiba kwa mwaka mzima. Wasandawe, ambao hutundika mizinga yao juu ya miti, wajua ya kuwa mti mmoja waweza kumlisha mtu mara nyingi, lakini ukiwa mkaa humlisha mara moja tu. Tukimwalika mchoma mkaa atembee nasi, tena atuonyeshe njia, maana yeye ndiye anayelijua pori kuliko sisi sote, huenda huo ukawa mwanzo wa mlinzi mpya.

Swali la tatu ni la wale wasemao, "Kutembea porini kwa kujifurahisha ni desturi ya Wazungu." Twauliza, je, kweli? Nani aliyewafundisha wazee wetu kukaa barazani chini ya mbuyu, kukata mashauri na kusuluhisha ugomvi? Nani aliyemfundisha mtoto mchunga mbuzi kujua kila mti kwa jina lake, na utamu wa kila tunda, na mahali ndege alipojenga? Mbuyu huo huo, ambao kwa Kigogo huitwa mpela, umekuwa ghala, umekuwa kivuli, umekuwa alama ya njia. Na Kanisa letu je? Wamisionari wa C.M.S. walifika Mpwapwa mwaka 1876, na tangu siku zile hata leo mitaa mingi ya Dayosisi ya Central Tanganyika imeanza chini ya mti kabla ya kuwa na kuta na bati. Ibrahimu naye aliwapokea wageni wa mbinguni chini ya miti ya Mamre, wala hakuwa Mzungu. Furaha hii ni yetu. Tuliipoteza tulipoanza kuona aibu kwa mambo ya kijijini, na leo mtoto wa mjini ajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya lakini hawezi kuutofautisha mgunga na mkwaju.

Tufanyeje?

Kitabu chetu cha Sala kimeziweka tangu zamani siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwake Bwana, ziwe siku za kuombea mashamba na mazao. Huko Uingereza watu wa parishi walikuwa na desturi ya kuizunguka mipaka yao siku hizo, wakiimba na kuomba penye miti na mawe ya alama. Kwetu siku hizo huangukia kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, wakati mvua zinapokwisha, mtama unapokomaa na pori lingali kijani. Hapana wakati ulio bora kuliko huo. Twapendekeza ya kwamba Jumamosi moja iliyo karibu na siku hizo kila mtaa utoke.

Msiende mbali. Walio Mpwapwa wanayo milima ya Kiboriani. Walio kaskazini wanavyo vilima vya Chenene. Walio Kondoa wanavyo vilima vya Kolo pamoja na michoro yake ya kale, ambayo tangu mwaka 2006 imekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini penye mbuyu mmoja na migunga kumi panatosha. Mwombeni ruhusa mwenyekiti wa kijiji, na ikiwa ni msitu wa hifadhi waulizeni watu wa misitu. Chagueni mahali ambapo bajaji au mkokoteni waweza kufika, ili vipofu, viwete na bibi zetu wasiachwe nyuma.

Mtoke asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Wazee watangulie pamoja na watoto wa Shule ya Jumapili, na kila mzee afundishe miti mitatu: jina lake kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, dawa yake, tunda lake, na mnyama anayeupenda. Wazee hao wakifa bila kufundisha, maktaba nzima imezikwa. Someni Mwanzo 2. Kisha mkae kimya robo saa, bila hotuba, bila kipaza sauti. Wengine wataona ni vigumu, maana tumezoea kelele hata katika ibada. Lakini katika kimya hicho mtasikia njiwa, na upepo majanini, na pengine mioyo yenu wenyewe. Ndipo kwaya iimbe. Kabla ya kuondoka tafuteni kisiki kimoja kilicho hai, mfunge kitambaa, na mwakani mrudi kukiona. Takataka zenu zote mrudi nazo.

Na msidhani ya kuwa mtakuwa peke yenu. Tangu mwaka 1990 Kanisa la Anglikana ulimwenguni limeuhesabu utunzaji wa uumbaji wa Mungu kuwa moja ya alama tano za utume wake. Mwaka 2022, maaskofu walipokutana katika Mkutano wa Lambeth, walianzisha jambo linaloitwa Msitu wa Ushirika wa Anglikana, ili kila dayosisi, mahali pake na kwa namna yake, ilinde misitu, ikuze miti na kuiponya nchi iliyojeruhiwa. Matembezi ya mtaa mdogo wa Ugogo ni sehemu ya msitu huo mkubwa.

Tena rudini wakati wa kiangazi. Mwezi wa Septemba na Oktoba, nchi ikiwa kavu na vumbi limejaa kila mahali, miyombo huchipua majani mapya, mengine mekundu kama moto, kabla tone moja la mvua halijaanguka. Mti hauna redio ya kuusimulia hali ya hewa. Hutumia akiba ya chini, hutangulia kuvaa nguo ya sherehe, huku mbingu zikiwa bado kimya. Mkristo aliyeona jambo hilo kwa macho yake hatasahau maana ya imani. Lakini hataliona kama hajafika huko, na hatalikuta kama miti imekwisha.

Wapenzi, Maandiko yalianza na bustani, na katika Ufunuo 22 yanaishia penye mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Katikati ya miti hiyo miwili umesimama mti wa Msalaba, ambao juu yake Bwana alitufia. Watu wa miti mitatu ya namna hiyo hawawezi kuitazama miti ya nchi yao kama kuni tu.

Tuombe: Ee Mungu Muumba wetu, uliyetuwekea uzuri mbele ya macho kabla ya kutupa kazi mikononi, utusamehe pupa yetu. Uwape akina mama pumziko, uwape wachoma mkaa riziki njema, uwape wazee wetu watoto wa kuwasikiliza. Utufundishe kutazama, kushukuru na kuacha. Uviamshe visiki vya nchi hii, na vya mioyo yetu, kwa ajili ya Yesu Kristo, chipukizi la Yese, Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.